Sigmund Freud: Dakta Aliyesoma Akili za Watu Wote, Lakini Akaficha Doa Mdomoni Ndio Asinyang'anywe Sigara

Kama umewahi kusikia mtu akisema ati ndoto yako ina maana fiche, ama ati shida zako za mapenzi zilianza ukiwa mtoto, jua hio stori imetoka kwa mzee mmoja wa Vienna, Austria. Ndevu nyeupe, miwani ya duara, sigara mkononi. Sigmund Freud. Miaka zaidi ya 80 tangu aage, na watangazaji wa redio bado wanamtaja asubuhi wakichambua ndoa za watu.

Lakini leo hatuko hapa kwa mambo ya ndoto. Tuko hapa kwa mambo ya hio sigara.

Maanake huyu mzee alikuwa daktari kamili, wa digrii, si wa kujiita. Mwezi wa pili mwaka wa 1923 aliona kitu ndani ya mdomo wake, na akakishuku. Akanyamaza. Alikausha karibu miezi miwili, mkewe hajui, watoto hawajui, marafiki hawajui. Sababu haikuwa kukosa doh ya hospitali, wala kukosa elimu. Alijua tu daktari yeyote atakayeangalia hapo ndani atamwambia neno moja: wacha kuvuta.

Wacha tuanze mwanzo.

Alizaliwa tarehe 6 Mei 1856 katika mji mdogo wa Freiberg, huko Moravia, pande ambazo siku hizi ni Jamhuri ya Czech. Babake, Jakob, alikuwa anauza sufu, na biashara haikuwa inaenda poa. Sigmund akiwa na miaka kama minne familia ikahamia Vienna, na huko ndiko alikoishi karibu maisha yake yote. Shuleni alikuwa moto. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Vienna 1873, akatoka na udaktari 1881. Mwaka wa 1886 akamuoa Martha Bernays, wakajaliwa watoto sita. Kitinda mimba ni Anna, aliyezaliwa 1895. Huyo Anna mweke akilini, tutamrudia.

Kazi iliyompa jina unaijua hata kama hujui unaijua. Mgonjwa analala kwa kochi, dakta anakaa nyuma ya kichwa chake asionekane, na mgonjwa anabonga chochote kinachomjia. Kitabu chake cha ndoto kilitoka mwishoni mwa 1899. Wengine walimcheka, wengine wakamfuata kama nabii. Hadi leo wasomi wanazozana kama mzee alikuwa amegundua kitu ama alikuwa anabahatisha. Hio vita tuwaachie wenyewe.

Sasa, sigara. Alianza akiwa na miaka 24, kwanza fegi za kawaida, halafu akahamia zile nono za kahawia ambazo mabuda wenye pesa huvuta kwa sinema. Babake pia alikuwa mvutaji sugu. Akiwa mtu mzima Freud alikuwa anamaliza kama 20 kwa siku. Piga hesabu: ukitoa saa za kulala, hio ni zaidi ya moja kila saa. Na zile nono huwezi kusema ati ni salama kwa sababu moshi hauteremki kifuani. Moshi unakaa mdomoni, unazunguka kwa ulimi, mashavu na kaakaa, yaani lile paa la juu la mdomo. Hapo ndipo kazi chafu inafanyika.

Alikuwa anaamini bila moshi kichwa chake hakiwaki, hawezi kuandika, hawezi kufikiria. Miaka ya 1890 moyo ulipoanza kumsumbua, rafiki yake Wilhelm Fliess, daktari wa pua na koo kutoka Berlin, alimwambia aziwache. Akajaribu. Akarudi. Akajaribu tena, akarudi tena. Huyu ndiye mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwaeleza wenzake kwa nini wanarudia vitu vinavyowaumiza. Kinyozi hajinyoi, bana.

Dalili ya kwanza ilikuja mapema. Mwaka wa 1917, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea na sigara zikiwa adimu, alihisi uvimbe wenye uchungu kwenye kaakaa. Hata wazo la kansa lilimpitia. Halafu mgonjwa mmoja akamletea boksi la sigara kama zawadi, na uvimbe ukapungua wenyewe. Unaweza kufikiria vile alifurahi. Kwa akili yake, sigara ndio ilikuwa imekuja kumponya.

Miaka sita baadaye halikupungua.

Alichoona Februari 1923 kilikuwa upande wa kulia, kati ya taya na kaakaa: kitu kimeota, cheupe, kigumu, hakitoki ukisugua. Madaktari huliita lukoplakia, na mengi ya madoa kama hayo si kansa. Shida ni kwamba baadhi yake hugeuka, na baadhi yanakuwa yamegeuka tayari siku unayoyaona. Kwa macho tu huwezi kujua, hata ukiwa daktari. Njia ni moja: kukatwa kinyama kidogo, kipelekwe maabara, kiangaliwe kwa darubini.

Na kwa vile uko hapa, chukua simu yako, washa tochi, simama mbele ya kioo. Hii ni dakika mbili tu. Inua ulimi uangalie chini yake, uvute pembeni uangalie kingo zake, maana pembeni na chini ya ulimi ndio kansa hii hupenda sana. Geuza midomo, vuta mashavu, angalia fizi, angalia paa. Unatafuta doa jeupe ama jekundu ambalo halikuwa hapo, na ukiona jekundu usilichukulie poa, hilo ndilo baya zaidi. Unatafuta kidonda kisichopona. Kidonda cha kujiuma ama cha chakula moto hupona kwa wiki moja, mbili. Kikipita wiki mbili, ama tatu ukiwa mtu wa kuvumilia sana, nenda kwa daktari wa meno. Pia uvimbe ama ugumu ndani ya shavu, damu inayotoka bila sababu, jino linalocheza na hukupigwa, ganzi kwenye mdomo ama kidevu, uchungu ukimeza, sikio linalouma na sikio lenyewe ni zima, tezi ngumu shingoni. Na usingoje uchungu. Doa la mwanzo mara nyingi haliumi hata kidogo, na hio ndio inafanya watu walimezee.

Freud alilimezea. Aprili akamwonyesha daktari wa ngozi aliyekuwa anamjua, Maxim Steiner. Huyo akasema litolewe, ila akaliita lukoplakia tu. Halafu daktari wake wa kawaida, Felix Deutsch, alipokuja nyumbani, Freud akamfungulia mdomo naye pia. Deutsch alijua mara moja kwamba ni kansa, na akasema uongo. Akarudia lile jina la lukoplakia. Alihofia moyo wa mzee, na zaidi alihofia kitu ambacho Freud mwenyewe alikuwa amedokeza, kwamba ikiwa ni ule ugonjwa basi angetaka msaada wa kuondoka duniani kwa heshima.

Hapo sasa una mgonjwa anayeficha na dakta anayeficha, kila mmoja akimlinda mwenzake na ukweli. Hio kitu haikuisha vizuri.

Alienda kufanyiwa upasuaji kama mtu anayeenda kununua maziwa. Hakuambia mtu nyumbani. Daktari alikuwa Marcus Hajek, mtaalamu wa pua, katika kliniki ya wagonjwa wa kutwa ya hospitali kuu ya Vienna. Ilikuwa aingie, akatwe, arudi home. Badala yake familia ikapokea simu kwamba mzee atalala huko, walete vitu vyake. Martha na Anna wakafika wakamkuta ameketi kwenye kiti cha jikoni, nguo zimejaa damu, hakuna mtu anayemshughulikia. Kliniki haikuwa hata na kitanda chake. Wakamtafutia nafasi kwenye chumba kidogo alichokuwa mgonjwa mwingine, jamaa mwenye kimo kifupi sana na ulemavu wa akili.

Saa ya chakula cha mchana nesi akawafukuza mama na binti, sheria za hospitali. Waliporudi wakaambiwa kilichotokea. Damu ilikuwa imefunguka, inatoka kwa wingi, na Freud hakuweza kuongea wala kupiga kelele. Kengele ya kuita nesi ilikuwa haifanyi kazi. Yule jamaa wa kitanda cha pili ndiye aliyeruka akakimbia kuita msaada. Bila yeye, jina la Freud lingekuwa linaishia 1923 kwa vitabu vyote. Jina la huyo jamaa hakuna aliyeliandika.

Anna akakataa kuondoka tena. Alikesha hapo usiku mzima akimwangalia babake. Usiku hali ikawa mbaya, na daktari aliyeitwa akakataa kutoka kitandani kwake. Asubuhi Hajek akamwonyesha mgonjwa wake maarufu kwa wanafunzi, halafu akamruhusu aende.

Maabara ikasema ni kansa. Freud hakuambiwa. Alipewa matibabu ya eksirei na radiamu, yaliyomletea uchungu wa kufa mtu, na bado kila mmoja anamwambia hio ni tahadhari tu.

Na kana kwamba haitoshi, Juni mwaka huo huo mjukuu wake Heinele, mtoto wa miaka minne na nusu aliyekuwa anampenda kupita kiasi, akafariki kwa TB. Mamake mtoto, Sophie, binti wa Freud, alikuwa amekufa Januari 1920. Wanaomjua Freud walisema ndiyo mara moja waliyomwona akilia. Mimi nikisoma hio sehemu huwa nasahau kabisa mambo ya mdomo.

Septemba akasafiri na Anna kwenda Roma. Wakiwa kwa treni, wakila kiamsha kinywa, damu ikaruka kutoka mdomoni mwake. Marafiki wake wa karibu, wale wa mbogi yake ya kazi, tayari walikuwa wamekaa kikao wakajadili kama wamwambie ama wasimwambie, wakaamua wanyamaze. Miaka mingi baadaye alipojua kuhusu hicho kikao aliwaka moto, akiuliza walipewa haki hio na nani.

Pichler aingia

Mtu aliyebadilisha mambo alikuwa Hans Pichler, daktari wa upasuaji wa mdomo na taya hapo Vienna. Mwisho wa Septemba akaangalia, akaona kidonda kisicho na maswali, na mwishowe mzee akaambiwa ukweli. Oktoba akamkata kwa awamu mbili. Alitoa sehemu kubwa ya taya la juu upande wa kulia pamoja na kaakaa la upande huo, na kipande cha taya la chini. Mgonjwa hakulazwa usingizi kabisa. Alitiwa ganzi na dawa za kumtuliza. Novemba, maabara ikaonyesha kuna kansa imebaki. Pichler hakungoja, akamrudisha mezani akakata tena.

Sasa kati ya mdomo na pua kulikuwa na shimo moja wazi. Ukila, chakula kinapanda puani. Ukiongea, hewa inatoroka, hakuna anayekusikia. Ndio akatengenezewa taya bandia kubwa la kuziba hapo, na nyumbani wakalipa jina: zimwi. Likikaza sana linachubua vidonda. Likilegea, haongei wala hali. Kulitoa na kulirudisha ilikuwa vita, na askari wa hio vita alikuwa Anna. Wawili hao walikubaliana kazi ifanywe bila huruma za usoni, bila machozi, kama vile fundi na chombo chake.

Sikio la kulia likapoteza nguvu, kwa hivyo kochi na kiti vikabadilishwa upande ndio aweze kuwasikia wagonjwa kwa sikio la kushoto. Mwanzo wa 1924 alikuwa amerudi kazini. Mtu ambaye maisha yake yote ni kuongea, sasa sauti inatokea puani. Kula mbele ya wageni akawa hapendi tena.

Na sigara je? Aliendelea. Makovu yalikuwa yamekaza taya hadi mdomo haufunguki vizuri, basi akawa anaupanua kwa kibanio cha nguo, kile cha kuanikia, ndio sigara iingie. Soma tena ukitaka. Kibanio cha nguo.

Usimcheke sana. Nikotini haiangalii kama una digrii. Na mtu ambaye ameshindwa mara kumi bado anaweza kufaulu mara ya kumi na moja, hasa siku hizi ambapo kuna dawa na watu wa kumshika mkono. Hatari ya kansa ya mdomo huanza kushuka ukiacha, na inazidi kushuka miaka ikienda. Freud alikuwa na moyo wa chuma kwa mambo mengine yote. Kwa hili alikubali kushindwa, na alilipa bei akiijua.

Bei yenyewe ilikuwa hivi: kutoka 1923 hadi mwisho alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30. Madoa mapya yalikuwa yanaota, na Pichler alikuwa anamwona mara kwa mara, anayakata ama anayachoma yakiwa bado madogo, mengi yakiwa hayajageuka kansa. Hapa ndipo stori inafaa kwa sisi wengine. Ile kansa kubwa ilipatikana imechelewa na ikamla nusu ya taya. Hizo zingine, kwa sababu kuna mtu alikuwa anachungulia bila kuchoka, zilimwachia miaka 16. Miaka 16 ya vitabu na barua na wajukuu, kwa mzee aliyekuwa amepata kansa akiwa na 66.

Huku kwetu sigara si hatari peke yake. Kuna kuber, ile tumbaku wanafunzi wanaficha chini ya mdomo wakidhani kwa sababu haina moshi haina madhara. Kuna ugoro wa kuweka kwa fizi. Pwani kuna tambuu yenye popoo, na popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inaleta kansa ya mdomo. Pombe nayo, na pombe ikishikana na sigara hatari inapanda kuliko kila moja ikiwa pekee. Halafu virusi vya HPV, ambavyo hupenda zaidi sehemu ya nyuma, kooni na kwenye mzizi wa ulimi. Hivyo ndivyo chanjo ya wasichana iliyoanza kutolewa Kenya 2019 inapigana navyo, ingawa shabaha yake ni kansa ya mlango wa kizazi.

Vienna yaisha

Mwaka wa 1929 alipata daktari mpya wa kumwangalia, kijana anayeitwa Max Schur. Freud, baada ya yaliyompata kwa Deutsch, alimpa masharti mawili kabla ya kitu chochote. Kwanza, aambiwe ukweli kila wakati. Pili, wakati ukifika, asiachwe ateseke bure. Schur akakubali, wakashikana mikono.

Katikati ya 1936 kansa kamili ikarudi. Machi 1938 Hitler akaingia Austria. Freud alikuwa Myahudi, na maarufu. Gestapo wakamchukua Anna, wakamhoji mchana kutwa, na mzee nyumbani alikuwa anatembea huku na huku akivuta sigara moja baada ya nyingine. Usiku akaachiliwa. Hapo ndipo mzee, aliyekuwa amekataa kutoka Vienna kwa miaka yote hio, alikubali kuhama. Binti-mfalme Marie Bonaparte wa Ufaransa, mwanafunzi wake wa zamani, akasaidia kulipa pesa Wanazi walizodai, na tarehe 4 Juni 1938 wakapanda treni.

London ikampokea kama staa. Lakini mdomo haukujali mpaka. Septemba 1938 Pichler akasafiri kwa ndege kutoka Vienna hadi London, akamkata kwa mara nyingine, akarudi. Kufikia mapema 1939 madaktari wa huko walisema sasa hakuna kukata tena, kimefika mahali kisu hakifiki.

Alikuwa anakataa dawa kali za maumivu, akitaka kichwa kibaki safi. Asipirini tu. Aliendelea kuona wagonjwa wachache hadi karibu na mwisho, Hampstead, nyumba ya Maresfield Gardens. Kidonda kikatoboa shavu. Kikawa na harufu, na chandarua kikawekwa juu ya kitanda kwa sababu ya nzi. Alikuwa na mbwa, Lün, aina ya chow, aliyempenda sana. Sasa kila walipomleta karibu, mbwa alijikunja kona ya mbali zaidi ya chumba. Freud alielewa.

Vita vya pili vilikuwa vimeanza siku chache tu. Tarehe 21 Septemba 1939 alimshika Schur mkono, akamkumbusha ule mkataba wao wa kwanza, na akamwomba azungumze na Anna. Anna alikataa, akabembelezwa, akakubali kwa shida. Schur akampa mofini. Mzee akalala usingizi ambao hakuutoka, akafariki tarehe 23, saa tisa usiku, akiwa na miaka 83.

Mwili ulichomwa Golders Green, na majivu yakawekwa ndani ya chungu cha kale cha Ugiriki alichokuwa amepewa zawadi na Marie Bonaparte. Anna aliendelea kuishi kwenye nyumba ile ya Maresfield Gardens hadi alipofariki 1982. Siku hizi ni makumbusho, na lile kochi liko hapo hapo.